Mcheza Kwao Hutunzwa: Maneno ya Shukrani kwa Dada Yetu wa Mapishi

(Maneno haya niliyasema hapa Mikindani, tulipokutana sisi tunaopika kwa kufuata mapishi ya dada yetu. Wengi mlioko Masasi, Newala, Lindi na Nachingwea hamkuweza kufika, mkaomba myapate. Dada mwenyewe ameomba jina lake lisiandikwe, nami nimemtii.)

Mama zangu na baba zangu mliotutangulia, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, hamjambo? Nanyi wanangu mliokaa huko nyuma mkitazama masufuria, nawaona. Chakula kipo, vumilieni kidogo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ngomani mtu akicheza ukapendezwa, huketi kitini ukatikisa kichwa. Unainuka, unamfuata uwanjani, unamtuza mbele ya watu, na vigelegele vinapigwa. Sasa huyu dada yetu aliyekaa hapa mbele amekuwa akicheza uwanjani kwa muda gani? Anapika jikoni kwake, anaonja, anapika tena. Watoto wakishalala anaandika, halafu anatutumia bure. Sisi tunapika, tunakula, tunasifiwa na waume na wakwe, tunanyamaza. Nani hapa amewahi kumwambia asante mbele za watu? Nani?

Basi leo tumeinuka. Mmenipa heshima ya kusema kwa niaba yenu, nami nataka kusema jambo moja hasa: kwa nini mapishi yake yanatufaa kuliko mengine mengi tunayokutana nayo. Dada, naona umeinama. Inua uso, usikie.

Nianze na tui.

Mwenzetu mmoja anakaa Chikongola, Mtwara mjini. Ameolewa hapa akitokea Songea, na kwao hawapiki kila kitu kwa nazi. Alipofika kwa mume wake akakuta nazi kila mahali: kwenye samaki, mbaazi, kunde, maboga, wali. Mama mkwe wake ni mpishi hodari sana, ila ni mpishi wa mkono na jicho. Ukimuuliza tui liwe kiasi gani, anakwambia weka la kutosha. Ukimuuliza lichemke mpaka lini, anakwambia utaliona mwenyewe. Huyu binti wa watu haoni kitu. Kila akipika samaki wa nazi, tui linakatika. Mafuta yanaelea juu kwa madoa, katikati chengachenga nyeupe, chini maji matupu. Mchuzi unalika, lakini mnajua wenyewe watu wa pwani wanavyoutazama mchuzi wa namna hiyo. Mtu anatia tonge kinywani, hasemi neno, na wewe mpishi umeshaelewa.

Akapata pishi la dada yetu la samaki wa nazi. Naomba mlisikilize lilivyo, maana wengine tunapika bila kusoma vizuri. Nazi moja iliyokomaa, ikunwe. Maji ya vuguvugu kikombe kimoja na nusu, kamua, chuja; hilo ni tui zito, liweke kando. Maji mengine vikombe viwili, kamua tena. Hilo ni tui jepesi. Nyanya, kitunguu na bizari vipikwe kwenye tui jepesi mpaka nyanya ziive kabisa. Samaki uliyemkaanga aingie hapo, anywe viungo, halafu mtoe kando asije akavunjwa na mwiko. Sasa toa makaa mawili matatu kwenye jiko, moto upungue. Mimina tui zito, koroga taratibu, usiache. Likianza kutokota pembeni, rudisha samaki, teremsha sufuria.

Mpaka hapo hata mwingine angeweza kuandika. Lakini dada akaongeza mistari mitatu, na mistari hiyo ndiyo iliyonileta hapa mbele. Aliandika kwamba tui ni mafuta na maji, na kinachoyashika yakae pamoja ni protini iliyomo ndani ya nazi yenyewe. Moto ukizidi, protini ile inaganda, inayaachia mafuta, nayo yanapanda juu. Ndiyo maana tui zito linaingia mwisho. Ndiyo maana moto unapunguzwa. Ndiyo maana mkono hauachi kukoroga.

Mmesikia? Amesema kwa nini. Na mtu akishajua kwa nini, hahitaji tena kusimamiwa. Yule binti alipika samaki, akapika mbaazi, akapika maboga, tui halikukatika, wakati pishi aliloandikiwa lilikuwa la samaki peke yake.

Na habari haikuishia hapo. Mama mkwe akauliza nani kamfundisha. Akasomewa lile pishi lote, mstari kwa mstari, akiwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Akasikiliza, akasema: huyu mwanangu anajua, ila amesahau ndimu. Ndimu apakwe samaki akiwa mbichi, asuuzwe; ya kukamulia iende mezani, isiingie sufuriani tui likiwa motoni. Binti akampelekea dada maneno yale. Dada akafanya nini? Akajaribu, akaona ni kweli, maana uchachu nao huigandisha ile protini, akaliandika upya lile pishi na chini akaweka: haya ya ndimu nimefundishwa na mama mmoja wa Chikongola.

Mama mwenyewe yupo hapa leo. Mama, shikamoo. Tunakushukuru na wewe.

Sasa nije kwenye jambo la pili, na hapa naomba wazee wa Nachingwea mnisaidie kama mpo, maana nyie habari hii mnaijua kuliko mimi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha mpango mkubwa wa kulima karanga hapa Tanganyika, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Zililetwa mashine za kila aina, nyingine zimetengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Ikajengwa reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Bandari yetu hii ya Mtwara, ambayo leo tunaiona ni kitu cha kawaida, ilijengwa kwa sababu ya karanga zile. Na karanga zikawa wapi? Kongwa kulikoanzia, udongo ulikauka ukawa mgumu, majembe ya mashine yakavunjika, karanga zikang'ang'ania ardhini, mvua nazo zikakosekana. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Reli baadaye iling'olewa.

Kwa nini nimeyaleta haya kwenye shughuli ya mapishi? Kwa sababu waliopanga walikuwa na fedha, walikuwa na elimu, walikuwa na mashine, na hawakuichunguza ardhi vya kutosha kabla ya kuanza. Na mapishi mengi tunayopewa yameandikwa hivyo hivyo. Yanaanza kwa kukuambia upashe oveni nyuzi 180. Oveni ya nani? Yanakuambia uache unga kwenye friji usiku kucha. Umeme ukikatika saa tano za usiku je? Yanataka kiungo ambacho ukikitafuta soko zima la Chikongola hukipati, na bila hicho hawakuambii ufanye nini.

Dada yetu anachunguza ardhi kwanza. Kabla hajaandika mkate wa kumimina aliuliza wenzetu wa Lindi na Masasi wanapikia nini, na wengi wakajibu mkaa. Basi akaandika kwa mkaa: sufuria nzito yenye mfuniko bapa, ipake mafuta, ipashe moto kabla hujamimina, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na usifunuefunue. Vipimo vyake ni kikombe cha chai na kijiko cha chakula. Haandiki fungu, kwa sababu fungu la nyanya la mwezi huu si la mwezi ujao. Anaandika nyanya nne za ukubwa wa kati. Ukiwa na mbili, anakuambia nini kitapungua na ufidie vipi. Hii ni heshima kwa mpishi, ndugu zangu. Anajua kwamba anayemsoma ana pesa ya kupika mara moja. Chakula kikiharibika hakuna kingine.

Jambo la tatu ni zito zaidi, na nitakaa nalo.

Huku kusini muhogo ni uhai wetu. Mnajua huko juu kwenye uwanda wa Makonde maji yalivyo ya shida, lakini muhogo unastahimili. Na mnajua tuna mihogo ya aina mbili, mitamu ambayo mtoto anatafuna mbichi, na michungu ambayo haiguswi mpaka itengenezwe. Bibi zetu walikuwa na utaratibu: unamenya, unaloweka siku tatu mpaka nne, ulainike, unaanika, yanakuwa makopa, unatwanga unga. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ndivyo inavyofanyika.

Mwenzetu mmoja ana mama yake Nanyamba. Mwaka mmoja chakula kilikuwa haba, watoto wanalia, na maji ya kulowekea ni ya kununua kwa ndoo. Wadogo zake wakasema, hii siku tatu ni desturi za wazee, tuikate vipande vidogo, tuanike juani, tutwange kesho kutwa. Mama anakataa, lakini hana hoja zaidi ya kusema sisi hatukufanya hivyo. Na vijana wenye njaa, hoja ya sisi hatukufanya hivyo wataisikiliza?

Huyu mwenzetu akamuuliza dada. Dada hakujibu haraka. Aliwatafuta wataalamu wa kilimo na wa afya kwanza, ndipo akaandika. Ndani ya muhogo mchungu mna kitu ambacho muhogo ukikatwa au kupondwa hutoa sumu, sianidi. Kuloweka kunaulainisha muhogo, sumu inatoka, inakwenda na maji na hewa. Kuanika juani peke yake, vipande vikiwa vizima, hakutoshi. Nyingi inabaki ndani. Anayekula muhogo ambao haukutengenezwa vizuri, wiki baada ya wiki, na hana samaki, hana maharage, hana mboga ya maana pembeni, anaweza kupata ugonjwa unaoitwa konzo. Miguu inakakamaa ghafla. Hauna dawa ya kuirudisha miguu ilivyokuwa. Na wanaoupata zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Umewahi kuripotiwa hata huku kwetu kusini, na hutokea hasa wakati wa njaa, wakati ambapo watu wanakatisha siku za kuloweka.

Mnaona? Yule mama wa Nanyamba alikuwa amebeba ulinzi wa wajukuu zake bila kuwa na maneno ya kuutetea. Dada akampa maneno.

Tena hakuishia kwenye kukataza. Alijua mtu mwenye unga tayari ndani, asiyejua ulitengenezwaje, hawezi kuumwaga. Akaandika njia ya kuupunguzia sumu: changanya unga na maji mpaka ulowane wote, utandaze kwenye sinia au mkeka safi, uwe mwembamba usiozidi sentimita moja, uache kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha songa ugali siku hiyohiyo. Sumu inapaa. Njia hii imepimwa na wataalamu, na haigharimu kitu zaidi ya maji kidogo na subira. Mama zangu mnaonunua unga wa muhogo sokoni, naomba mliandike hili. Aliye na kalamu amwandikie jirani yake. Wanaokwenda mashambani, wapelekeeni wazazi.

Kuna anayedhani mapishi ni mambo ya sherehe na picha nzuri. Mimi nasema pishi lile la muhogo ni kazi ya afya ya jamii, na limefanywa na mama wa nyumbani, usiku, kwa bando lake mwenyewe.

Korosho nitaigusa kidogo kwa sababu jua linakwenda. Mkorosho asili yake Brazil. Wareno waliuleta pwani hii ya Afrika Mashariki karne ya 16, na leo ukitoka hapa mpaka Tandahimba unapita katikati ya mikorosho. Tunailima, tunaipulizia salfa, tunaiokota, tunapeleka ghalani, sehemu kubwa inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Nyumbani kwetu je? Tunaikaanga kidogo, tunamwekea mgeni kwenye kisahani. Watoto wetu wanakula ugali na mchuzi wa maji katikati ya shamba la korosho!

Dada akatuambia tuitie chunguni. Nunua zile zilizovunjika, ni za bei nafuu, na kwa kusaga hazina tofauti na nzima. Loweka kwenye maji ya moto nusu saa, twanga au saga mpaka ziwe uji laini. Tia kwenye kisamvu, kwenye maharage, kwenye kuku, mwishoni, na koroga, maana korosho inafanya mchuzi uwe mzito upesi na inashika chini ya sufuria. Mama lishe mmoja wa stendi ya Masasi, mwenzetu, alianza kuunga maharage yake hivyo. Madereva wakawa wanauliza: maharage yale ya juzi yapo? Ameniambia nifikishe salamu. Dada, zimefika.

Ila wale mnaobangua wenyewe, rudini kwenye onyo lake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake wakati wa kuchoma unaumiza macho na kifua. Choma nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, watoto mbali, na mikono ipake jivu kabla ya kugonga. Msiruke sehemu hiyo ya pishi kwa haraka ya kula.

Sasa tumtuze vipi mtu wa namna hii?

Kwanza, mpeni habari. Ukipika likakubali, mwambie. Likikataa, mwambie zaidi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwambie ulitumia jiko gani, sufuria gani, nazi ilikuwa changa au imekomaa. Mama wa Chikongola alipomrudishia habari ya ndimu, sote tulifaidika mpaka wa Liwale. Hiyo ni tuzo ambayo hakuna mwingine anayeweza kumpa isipokuwa anayepika.

Pili, ukimpa mtu pishi lake, sema limetoka wapi. Nimeona maneno yake, neno kwa neno, yakizunguka kwenye simu bila kutajwa, na mtu anashukuriwa kwa kazi asiyoifanya. Hili limeniuma, na sisemi kwa kumlenga mtu. Dada mwenyewe halalamiki. Lakini yeye akifundishwa na bibi anaandika nimefundishwa na bibi. Sisi tunashindwa nini kusema nimefundishwa na dada?

Tatu, tumechanga. Nimeambiwa nisitaje kiasi. Tulijiuliza tumnunulie kanga, tumnunulie vyombo, wengine wakasema simu. Kisha binti mmoja akakumbusha kwamba dada anapima kila kitu kwa kikombe, halafu anakwenda dukani kuomba apimiwe gramu ili awaandikie na wale wanaotumia mzani. Kwa hiyo dada, huu hapa ni mzani wa jikoni. Na kwenye kapu hili kuna ufuta wa Ruangwa, mbaazi, korosho kutoka kwa wenzetu wa Tandahimba, samaki wa ng'onda waliokaushwa hapahapa Mikindani, na kanga pia ipo, maana akina mama wa Lindi hawakukubali isiwepo. Njoo upokee. Vigelegele, jamani!

Asanteni. Naomba tukae, kuna jambo moja limebaki.

Dada ameniambia kuna pishi analitaka na hajalipata kwa mtu anayelijua barabara. Ming'oko, ile mizizi ya porini. Wote tunaila, tunainunua kwa mafungu barabarani, imechemshwa tayari, tunamenya kwa vidole, chumvi na pilipili, basi. Lakini kuichimba porini bila kuumaliza mmea, kujua ipi imekomaa, kuiosha mchanga wote utoke, kuichemsha isipasuke, wangapi hapa wanajua? Vijana wengi wanaiona chakula cha njaa. Wazee wanaoijua wanapungua, na kitu hiki hakijaandikwa kwa ukamilifu unaostahili.

Tumebahatika, bibi kutoka Newala amekuja, na ameleta ming'oko mibichi pamoja na kijembe chake cha kuchimbia. Amekubali kueleza mwanzo mpaka mwisho. Dada ataandika, binti huyu atapima kwa mzani mpya, na nyote mtauliza maswali bila haya. Muulizeni kwa nini katika kila hatua. Asipokuwa na jibu tutalitafuta pamoja naye.

Bibi, shikamoo. Karibu hapa mbele. Vijana, mleteeni kiti, na mtu asogeze jiko.